Kutoa orodha ya materio kutoka kwenye mchoro wa kompyuta: maswali tunayoulizwa kila mara

Karakana yetu iko Ngamiani, Tanga. Tunatengeneza matoroli, stendi za matanki, mageti na vipuri vya mashine za mkonge kwa mashamba ya upande wa Muheza na Korogwe. Zamani mteja alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Siku hizi anakuja na flashi, au anatuma faili kwa WhatsApp usiku na asubuhi anapiga simu kuuliza bei. Vijana wa mafunzo kwa vitendo nao wanakuja na michoro mizuri sana ya kompyuta. Kinachotukwamisha si mchoro, ni orodha inayoongozana nao. Nimekusanya hapa maswali ninayoyajibu karibu kila wiki, ili atakayekuja kesho alete orodha ambayo mtunza stoo ataishika na kwenda nayo dukani moja kwa moja.

Orodha ya materio ni kitu gani hasa?

Ni jedwali linalotaja kila kitu kinachoingia kwenye kazi: namba yake, jina, kipimo, aina ya chuma na idadi. Wachoraji wengi wanaiita BOM, kwa herufi za mwanzo za jina lake la Kiingereza. Ukichora kwa programu za kisasa huhitaji kuiandika kwa mkono, kwa kuwa programu tayari inajua umeweka vipande vingapi. Kazi yako ni kuitoa nje ya mchoro ikiwa safi.

Na usafi wenyewe unaanza siku ya kwanza ya kuchora. Kipande ulichokiacha na jina la "Part1" kitafika dukani kikiitwa "Part1". Hakuna kitufe cha kukusaidia hapo.

Nibofye wapi?

Inategemea programu.

Kwenye SolidWorks, fungua mchoro wa karatasi (Drawing), nenda Insert, kisha Tables, kisha Bill of Materials, uliweke jedwali. Halafu libofye kulia, chagua Save As, na pale pa aina ya faili chagua Excel au CSV (tofauti yake nimeieleza huko chini).

Kwenye Inventor unaanzia kwenye faili la asembli lenyewe, yaani lile linalounganisha vipande vyote. Fungua Bill of Materials, utaona vichupo juu. Kama kichupo cha Parts Only kimezimwa, kibofye kulia ukiwashe, kisha tumia kitufe cha Export.

Kwenye Fusion, tengeneza mchoro wa karatasi wenye jedwali la vipande, kisha nenda Output ulitoe kama CSV.

AutoCAD ni habari nyingine kidogo. Amri yake ni DATAEXTRACTION, lakini kwa orodha kama hii inategemea vitu ulivyovifanya kuwa bloku (mistari iliyofungwa kuwa kitu kimoja) zenye maelezo ndani yake. Mistari mitupu haijui kwamba yenyewe ni bolti. Kama jedwali ulishaliandika mwenyewe ndani ya mchoro, amri ya TABLEEXPORT italitoa kama CSV. Wenye AutoCAD LT wajue kwamba DATAEXTRACTION haimo kwao.

FreeCAD nimeiwekea swali lake huko chini.

Programu inanipa aina tatu za orodha. Nichague ipi?

Hili ndilo swali lililotugharimu zaidi, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Aina ya kwanza inaonyesha ngazi ya juu tu: toroli lina fremu 1, magurudumu 4, mkono 1. Ya pili inashuka ngazi kwa ngazi: chini ya gurudumu utaona beringi 2, bolti 6, pete 1. Ya tatu inavunja kila kitu na kuhesabu vipande vyote vya kazi nzima pamoja, bila kujali kipo ndani ya nini.

Mtego uko kwenye aina ya pili. Idadi unayoiona kwenye ngazi ya chini kwa kawaida ni ya kitu kimoja kilicho juu yake. Zile bolti 6 ni za gurudumu moja, si za toroli zima.

Tulipata kazi ya matoroli 5 ya kubebea mkonge. Mimi ndiye niliyetoa orodha, na nilitoa ile ya ngazi kwa sababu inapendeza kuisoma. Nikaona bolti 6 za M12 na beringi 2. Nikazidisha kwa 5, kwa kuwa matoroli ni 5, nikaandika bolti 30 na beringi 10, nikampelekea mama wa stoo. Akanunua. Siku ya kufunga, fundi alimaliza toroli la kwanza vizuri, akaingia la pili, beringi zikaisha kwenye gurudumu la kwanza tu. Nilikuwa nimesahau kuzidisha kwa magurudumu 4. Hesabu ya kweli ilikuwa bolti 120 na beringi 40. Ilikuwa Jumamosi mchana, duka tulilozoea limeshafunga, na gari la shamba lilikuwa nje linasubiri mzigo.

Mama wa stoo hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hizi bolti ni za gurudumu au za toroli?" Tangu siku hiyo anauliza hivyo kwa kila orodha, na mimi namshukuru kila anapouliza.

Basi utaratibu wetu ni huu: orodha ya kununulia ni ile ya tatu, iliyovunja kila kitu. SolidWorks wanaiita Parts only, Inventor ni Parts Only. Usiichanganye na tiki ya Only parts ya FreeCAD, hiyo inaacha nje vitu kama bolti. Ile ya ngazi mpe fundi anayefunga, maana yeye anataka kujua kipi kinaingia ndani ya kipi. Idadi ya mashine zinazotengenezwa iandikwe juu ya karatasi kwa herufi kubwa, na useme wazi kama jedwali ni la mashine moja au la zote.

Fremu yangu ya kuchomelea imetokea kama kitu kimoja, "Fremu, 1". Vipande vyake viko wapi?

Programu inaiona fremu kama kitu kimoja kwa sababu wewe uliichora kama kitu kimoja. Lakini dukani hakuna fremu, kuna mabomba. Hapo unahitaji orodha ya kukata, ambayo ni jedwali jingine. SolidWorks inaitengeneza yenyewe ukichora fremu kwa zana zake za Weldments, na jedwali lake lipo kwenye menyu ileile ya Tables. Kwenye programu ambazo hazina zana hiyo, chora kila bomba kama kipande cha peke yake ndani ya asembli. Ni kazi ya ziada, naikubali, ila itakuokoa usipime kila bomba kwa macho baadaye.

Orodha inasema jumla ni mita 11.25 za bomba la mraba. Mbona mmenunua mabomba matatu ya mita 6 wakati mawili yana mita 12?

Mteja mmoja alikasirika kabisa kwa hili, alidhani tunamwibia. Tukachukua bomba lenyewe, futi kamba na chaki, tukapima mbele yake.

Vipande vilikuwa 9, kila kimoja milimita 1250. Bomba lina milimita 6000. Kata cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne: umefika 5000. Diski ya grenda nayo inakula kama milimita 3 kila inapopita. Kinachobaki ni chini kidogo ya mita 1, na kipande cha tano kinataka mita 1 na robo. Hakitoki. Kwa hiyo kila bomba linatoa vipande 4, mabomba mawili yanatoa 8, na cha tisa kinalazimisha bomba la tatu.

Programu inajumlisha urefu tu. Haijui kwamba duka linauza kwa mita 6. Ukitoa orodha, ongeza mwenyewe safu moja ya "mabomba ya kununua", na uihesabu kwa kipande, si kwa jumla. Halafu angalia mabaki: kwa ile kazi tulikuwa na vishikio vya milimita 900, vikatoka kwenye vile vipande viwili vilivyobaki bila kugusa bomba jingine. Mchoraji anayejua hivi anaweza kupunguza 1250 kuwa 1190 pale kazi inaporuhusu, akapata vipande 5 kwa bomba. Bomba la tatu lisingenunuliwa.

Kwa bati na pleti ni hivyohivyo. Shiti ya kawaida ni futi 4 kwa 8, yaani milimita 1220 kwa 2440. Pleti ya upana wa 1250 haipatikani ndani ya shiti hiyo bila kuunga.

Niandike majina kwa Kiingereza au Kiswahili?

Andika neno ambalo muuzaji atalitamka mwenyewe: engo, flati ba, bomba la mraba, nondo, pleti, bolti, nati, washa, beringi, shafti. Kisha vipimo, na hapo usione uvivu. "Bolti M12" haitoshi. Andika M12, urefu 40, daraja la nguvu 8.8, na nati yake na washa zake kwenye mistari yake. Maduka mengi yana bolti za milimita na za inchi kwenye rafu moja. Ya nusu inchi ni milimita 12.7. Haipiti kwenye tundu la 12, na kwa macho zinafanana.

Mabomba ya duara yana lao. Linaloitwa bomba la inchi 2 kipenyo chake cha nje ni milimita 60.3. Ukichora 50 kwa kuzidisha inchi 2, klampu zako zote zitakuwa ndogo.

Beringi andika namba kamili pamoja na herufi za mwisho. 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje 47, unene 14, hiyo iko wazi. Lakini 6204 ya kawaida haina kifuniko, 6204-ZZ ina vifuniko vya bati, na 6204-2RS ina vifuniko vya mpira. Mashine ya mkonge inafanya kazi kwenye maji na utomvu wenye asidi, na uchafu wa majani unaingia kila mahali. Tunataka yenye mpira. Mchoro wa kompyuta hauonyeshi tofauti hiyo, zote tatu zinaonekana pete moja ya rangi ya kijivu. Ni zile herufi tatu kwenye orodha zinazoamua.

Bolti ileile imetokea kwenye mistari mitatu tofauti. Kwa nini?

Kwa sababu una mafaili matatu. Moja ulilipakua, moja ulilichora, la tatu alikupa rafiki. Programu inahesabu kwa faili, haiangalii umbo. Chagua moja, badilisha mengine yote yafuate hilo, kisha toa orodha upya.

Nichague CSV, Excel au PDF?

PDF kwa fundi, kwa sababu haibadiliki mkononi na inafunguka kwenye simu yoyote. Excel kwa mtunza stoo na kwa kutafutia bei. CSV ichague pale tu orodha inapokwenda kuingizwa kwenye programu nyingine. CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, haikumbuki upana wa safu wala aina ya kilichomo, na hapo ndipo matatizo ya swali linalofuata yanapozaliwa.

Nimefungua CSV kwenye Excel, namba za vipuri zimegeuka tarehe!

Excel inajaribu kukisia. Ukiandika namba ya kipuri 12-3, inadhani ni tarehe. Ukiandika 0047, inafuta sifuri na kubaki 47. Ubaya wake ni kwamba ukishahifadhi, namba ya asili imepotea kabisa.

Usilifungue faili kwa kulibofya mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda Data, kisha From Text/CSV, na kwenye kile kidirisha cha kuonyesha awali chagua isikisie aina za data. Dawa ya kudumu ni kuanza kila namba kwa herufi: TR-012 haiwezi kuwa tarehe katika nchi yoyote.

Kuna jingine linalohusu kompyuta za mtumba. Kijana mmoja alinunua laptopu iliyotoka Ujerumani, bado ina mipangilio ya huko. Wao desimali yao ni mkato, na kinachotenganisha safu ni nukta-mkato. Akafungua orodha yetu, kila mstari ukajazana kwenye safu moja. Alipozitenganisha, unene wa 2.5 ukawa tarehe 2 Mei. Alihangaika nayo siku nzima akidhani faili letu bovu. Nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Region, hakikisha desimali ni nukta na kitenganishi cha orodha ni mkato.

Alama ya kipenyo inatokea kama herufi za ajabu.

Faili limehifadhiwa kwa mfumo wa herufi wa UTF-8 na limesomwa kwa mfumo mwingine. Unapolifungua, pale pa asili ya faili chagua 65001, Unicode. Mimi binafsi nimeacha kuitumia alama hiyo kwenye orodha. Naandika D20, na hakuna aliyewahi kuniuliza maana yake.

Uzito uliotoka ni mdogo mno. Stendi nzima kilo 20?

Hukuipa aina ya chuma. Ukiacha wazi, SolidWorks inachukua uzito wa maji, kilo 1000 kwa mita moja ya ujazo, na Inventor kwa materio yake ya kawaida ni vivyo hivyo. Chuma ni 7850. Kwa hiyo kilo zako 20 ni kilo 157, na tofauti yake ni kati ya mzigo wa bodaboda na mzigo wa toyo. Weka materio kwa kila kipande kabla ya kutoa orodha. Kipimo cha haraka cha kujikagua: shiti nzima ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 3 ina takribani kilo 70. Kama programu inakwambia 9, rudi nyuma.

Rangi, welding rodi na diski za grenda zinaingia?

Hazichorwi, kwa hiyo hazitatokea zenyewe. Inventor inakuruhusu kuongeza kipande kisicho na umbo, na SolidWorks unaweza kuongeza mstari kwenye jedwali. Usipoziongeza, bei utakayompa mteja itapungua kwa kiasi hichohicho, na atakayelipa ni wewe.

Nikirekebisha idadi kwenye Excel, mchoro utajua?

Hautajua. Orodha ikishatoka imekatika na mchoro. Rekebisha kwenye mchoro, toa upya, andika tarehe kwenye jina la faili, na lile la zamani lifute kwenye kundi la WhatsApp la kazi. Tuliwahi kuwa na orodha mbili zenye jina moja, fundi ana ya Jumatatu, stoo ana ya Alhamisi, na wote wawili wana haki. Angalia pia namba zilizo kwenye viduara vya mchoro. Ukipanga upya mistari kwenye Excel, namba 7 ya karatasi si tena namba 7 ya jedwali.

Programu za kulipia siziwezi. Nifanyeje?

Tumia FreeCAD. Ni ya bure kweli, haina muda wa majaribio wala sharti la kuwa mwanafunzi. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024 na limekuja na sehemu yake ya kuunganisha vipande, inayoitwa Assembly, ndani yake kuna kitufe cha Bill of Materials. Orodha inatokea kama jedwali la Spreadsheet, unalitoa kuwa CSV kutoka hukohuko. Angalia tu kitenganishi chake, huenda kikawa tabo badala ya mkato. Kijana aliyetuchorea puli na gadi ya mkanda mwaka jana alitumia hiyo, kwenye laptopu ya zamani, na orodha yake haikuwa na kosa hata moja.

Nina faili la STEP tu. Mnaweza kutoa orodha humo?

Nusu. STEP ni faili la kuhamishia mchoro kutoka programu moja kwenda nyingine. Inabeba umbo na mara nyingi majina na mpangilio wa vipande, kwa hiyo idadi tunaweza kuipata. Maelezo uliyoyajaza, kama daraja la bolti au aina ya beringi, kwa kawaida hayavuki. Tuletee na orodha yako pembeni.

Nichapishe, au inatosha kutuma kwenye simu?

Tuma, na uchapishe pia. Karatasi ya A4, herufi kubwa za kusomeka ukiwa umesimama, nafasi wazi upande wa kulia. Karakanani mikono ina grisi na kioo cha simu hakisomeki juani. Fundi mkuu wetu anaibandika karatasi ukutani juu ya meza ya kukatia, na kila kipande kikishakatwa anaweka alama ya chaki pembeni mwa mstari wake. Ile nafasi ya kulia ni yake.